Bima Inalipa Usaha, Hailipi Sikio

 

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza tangu tuliporudi kutoka Jinja. Ile mashine ya sikio ya mdogo wetu tuliipataje? Ililipwa na nani? Na je, ni kweli mtu akiwa na kadi ya bima hatoi pesa tena? Tumeona ni heri tujibu mara moja kwa wote, maana habari ya mlango kwa mlango inabadilika njiani. Wengine wameshasikia kwamba tulipewa bure na Wazungu, wengine kwamba yaya wetu amekuwa tajiri huko mjini. Yote mawili si kweli. Basi tuandike vile ilivyokuwa.

MDOGO WETU NA MASIKIO YAKE

Wengi mnamjua. Alizaliwa 2014, na tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni masikio yake yalikuwa yanatoka usaha. Yanakauka mwezi mmoja, mwezi mwingine yanaanza tena. Alipofika miaka minne akashikwa na malaria kali, akalazwa siku tisa, akachomwa sindano nyingi. Alipotoka pale alikuwa mzima wa mwili lakini ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Daktari alituambia baadaye kwamba haiwezekani tena kujua kama ni usaha, ni malaria yenyewe au ni dawa zilizomwokoa. Dawa nyingine za nguvu, kama gentamicin na kwinini nyingi, zinaweza kugusa mishipa ya kusikia. Lakini mtoto anayekufa utamnyima dawa? Hapana. Tunaandika hili ili wazazi wasikae usiku kucha wakijilaumu.

Mwaka 2020 madaktari waliopita kambini walimpa mashine mbili ambazo zilikuwa zimetumika na mtu mwingine. Tunawashukuru mpaka leo, maana kwa zile mashine alijifunza kusoma. Lakini mtoto anakua na sikio lake linakua pia. Ile sehemu ya plastiki inayoingia sikioni, iliyotengenezwa alipokuwa na miaka sita, ilianza kulegea. Ikilegea, sauti inatoka nje na kurudi ndani ya mashine, na mashine inapiga filimbi. Darasani watoto wakaanza kumwita Filimbi. Naye akaanza kuzivua, kuziweka mfukoni. Mfukoni zikapata jasho na maji. Mwanzoni mwa 2024 ya kushoto ilikufa, na miezi miwili baadaye ya kulia nayo ikakaa kimya. Fundi alisema vipuri vya aina ile havipatikani tena.

Sisi tunaofundisha tunajua darasa zetu zilivyo. Watoto zaidi ya mia chini ya mabati, hakuna dari, darasa la pili linaimba nyuma ya ukuta wa turubai. Hata mwenye masikio mazima anakosa nusu. Mdogo wetu alikuwa anakaa mstari wa mbele akiangalia midomo ya mwalimu, lakini mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, somo kwake limekwisha. Alishakariri darasa la tatu mara moja. Wakubwa wa shule wakasema mwisho wa mwaka, kama mambo ni yale yale, atakariri tena. Msichana wa miaka kumi akikaa miaka mitatu darasa moja, sote tunajua mwisho wake. Anabaki nyumbani kuchota maji.

KADI YA YAYA

Yaya wetu wa kwanza anaishi Kimaka, pale Jinja, anatunza stoo katika kiwanda kimoja. Kimaka ni upande wenye uwanja mdogo wa ndege na chuo cha maofisa wa jeshi, na kwa sababu ya wanajeshi Kiswahili kinasikika pale kuliko mitaa mingine ya mji, ambako ni Kisoga na Kiganda. Ndiyo maana yaya alipapenda. Anapanga chumba kimoja, kile wanachokiita muzigo.

Kiwanda chake kinakata bima kila mwezi kwenye mshahara. Kadi inakubali mfanyakazi na wategemezi wanne. Yaya hajaoa, basi aliandika baba, mama na mdogo wetu, akapeleka na barua zote walizotaka. Siku kadi zilipofika, zina picha na jina la kila mtu, mama alizifunga kwenye kitambaa pamoja na karatasi zetu za ukimbizi. Hapa kambini hakuna mtu aliyekuwa na kadi kama hiyo. Baba alikuwa anasema kwa majirani, "Mtoto wangu ametuwekea ukuta." Alimaanisha ukuta wa kutukinga na magonjwa.

Basi mashine zilipokufa hatukuwa na wasiwasi. Tuliomba barua ya kusafiri, tukapanda basi mpaka Kampala, tukalala kwa ndugu, kesho yake tukavuka Nile kwa daraja jipya lile lililofunguliwa Oktoba 2018, tukaingia Jinja. Tulikuwa watatu: mama, mdogo wetu, na sisi tunaoandika, maana mama hasomi Kiingereza.

Kliniki tuliyoelekezwa ilipokea kadi vizuri. Kumwona daktari, bima ililipa. Kusafisha masikio, ililipa. Dawa ya matone ya kukausha usaha, ililipa. Kupima usikivu ilibidi wapige simu, tukangoja saa mbili, nayo ikalipwa. Mtoto aliingizwa kwenye chumba kidogo kisichoingiza kelele, akavishwa vifaa kichwani, akaambiwa anyanyue mkono kila akisikia mlio. Tuliona kwa kioo mkono unakaa chini muda mrefu, mrefu, halafu unanyanyuka. Mama alishindwa kuangalia, akatoka nje.

Karatasi ya kipimo ilitoka na mistari miwili. Wazazi, mkipewa karatasi hiyo msiiogope. Duara nyekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni sikio la kushoto. Kadiri mstari unavyoshuka chini ndivyo mtu anavyohitaji sauti kubwa zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mdogo wetu sikio la kulia linaanza kusikia kwenye 55, la kushoto kwenye 75. Maana yake maneno yetu ya kila siku yalikuwa yanamgusa kidogo tu upande mmoja, na upande wa pili hayafiki kabisa.

Mpimaji akasema anahitaji mashine mbili mpya, na plastiki mpya za masikio. Akaandika, akapeleka kwa dirisha la bima. Baada ya muda yule dada wa dirishani akarudisha karatasi na kadi, akasema kwa upole kabisa: "Hizi hazimo."

Mama akauliza, "Hazimo wapi?"

"Hazimo kwenye orodha ya vitu vinavyolipwa."

Tukaomba kuiona hiyo orodha. Miwani ya macho imo, mara moja kwa miaka miwili, kwa kiasi fulani. Kung'oa jino limo. Mashine za kusikia zimeandikwa ukurasa wa mwisho, pamoja na vitu visivyolipwa kabisa, mstari mmoja na dawa za kujipendezesha ngozi. Mashine moja ilikuwa shilingi 1,450,000. Mbili ni 2,900,000, bado plastiki na betri.

Yaya aliandika barua ya kuomba waangalie upya, akaweka kipimo na barua ya daktari. Tulingoja wiki tano pale Kimaka, watu wanne katika chumba kimoja. Jibu lilikuja sentensi mbili. Hazimo.

Jioni ile mama alisema neno ambalo lilimkata yaya: "Ile karte yako inasaidiaka nini sasa?" Yaya hakujibu. Alitoka, akarudi usiku sana. Na baba, tulipompigia simu, akakaa kimya kidogo kisha akasema: "Kumbe hiyo bima inalipa usaha, hailipi sikio." Alisema kama anacheka, lakini hakuwa anacheka. Baada ya pale yaya akawa hapokei simu za baba. Miezi yote anakatwa mshahara kwa ajili ya familia, na sasa anaonekana kama mtu aliyewadanganya wazazi. Hilo lilituuma kuliko pesa.

KWA NINI BIMA INAKATAA

Tukiwa Kimaka tulikuwa na muda wa kuuliza, maana jirani mmoja aliwahi kufanya kazi za bima. Alitufafanulia hivi. Bima ni kama kikundi chetu cha kuweka akiba, lakini kikubwa. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo, anayepatwa na balaa analipiwa. Kampuni ya bima inapenda balaa isiyojulikana: ajali, malaria, upasuaji wa ghafla. Haipendi kitu ambacho kinajulikana kitahitajika tu, tena kila miaka minne au mitano kinahitajika upya. Mtu asiyesikia leo, kesho pia hatasikia. Kwa hiyo wanaweka mashine hizi nje ya mlango, na mwenye kiwanda akitaka ziingie anaongezewa bei, naye haongezi kwa sababu ya watu wachache. Hatukuipenda sababu hiyo, lakini afadhali kuijua.

Tukauliza, basi serikali? Hospitali za serikali hapa Uganda ziliacha kutoza wagonjwa mwaka 2001, na sisi wakimbizi tunatibiwa pamoja na wenyeji. Ni jambo kubwa, nchi nyingi hazifanyi hivyo. Lakini kutibiwa bure ni daktari na dawa zilizopo. Mashine ya sikio haikai kwenye dirisha la dawa. Bima ya afya ya taifa ilikaribia kuzaliwa: Bunge lilipitisha muswada wake tarehe 31 Machi 2021. Rais hakuutia saini, na muswada ule haukuwa sheria.

Wengine watasema, tukienda Marekani mambo haya yatakwisha. Wenzetu waliohamishiwa kule wanatuandikia, na habari yao ina pande mbili. Mtoto wa familia maskini, aliye chini ya miaka 21, analipiwa mashine na bima ya serikali inayoitwa Medicaid. Lakini babu yake aliyevuka miaka 65 anapewa Medicare, na sheria ya Medicare tangu 1965 inasema mashine za kusikia haziko ndani yake. Kwa hiyo mjukuu anasikia, babu anakaa kimya mezani. Mwaka 2022 Wamarekani waliruhusu mashine nyepesi ziuzwe dukani bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wasiosikia kidogo, ili bei ishuke. Uingereza ni tofauti: tangu huduma yao ya afya ilipoanza 1948, mashine wanapewa bila kulipa. Na Ufaransa, tangu Januari 2021, kuna aina ya mashine ambazo mwenye bima hatoi hata senti. Maana yake inawezekana, nchi ikiamua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa ya usikivu mwaka 2021. Lilisema watu milioni 430 duniani wana tatizo la kusikia linalohitaji msaada, na karibu 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Kwa hiyo, mama unayesoma hapa ukidhani mtoto wako yuko peke yake, hayuko peke yake. Anao wenzake wengi kuliko watu wa nchi nyingi.

PESA ZILIPATIKANA VIPI

Hapa ndipo wengi mnataka kujua, basi tunaandika wazi.

Kwanza mama alitaka kuuza cherehani yake. Ile cherehani ndiyo inayolisha nyumba tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa 2020. Baba akakataa. Alisema mtoto akisikia lakini nyumba haina chakula, atasikia nini, njaa? Mama akasema njaa tumeizoea, ukimya hatutauzoea. Walibishana kwa simu siku tatu, sisi tukiwa katikati tunashika simu.

Wakati ule alikuja mama mdogo kutoka Mbale, kwa njia ya Tirinyi, kutusalimia. Yeye alisema neno lingine. Mbale kuna shule ya viziwi, kwa nini tusimpeleke kule akajifunza lugha ya alama, tukaachana na mashine za mamilioni? Mama alikasirika sana, alidhani ni kumtupa mtoto. Lakini mama mdogo hakuwa na ubaya. Anaona watoto wale wakipita barabarani wanaongea kwa mikono, wanacheka, wanasoma. Katiba ya Uganda ya 1995 yenyewe inataja kwamba serikali itaendeleza lugha ya alama kwa viziwi. Na mwaka 1996 mtu kiziwi, Alex Ndeezi, aliingia Bungeni kuwakilisha watu wenye ulemavu, akawa anatoa hoja zake kwa mikono na mkalimani anazisema kwa sauti. Sisi tunakubaliana na mama mdogo kwamba alama si aibu. Lakini mdogo wetu ameshasema maneno tangu utoto, na daktari alisema sikio la kulia bado lina akiba kubwa. Tukaamua yote mawili: mashine kwa sasa, na alama tujifunze nyumbani, ili siku betri ikiisha mtoto asibaki peke yake.

Halafu ikaja kazi ya kuchagua. Mashine mbili zilikuwa hazifikiki. Mpimaji alisema mbili ni bora, maana masikio mawili ndiyo yanayomwambia mtu sauti inatoka wapi. Lakini kama ni moja, basi ianze la kulia. Kumchagulia mtoto sikio moja si kazi rahisi kwa mzazi. Mama alimwuliza mwenyewe. Mtoto akashika sikio la kulia, akasema, "Hili ndilo linanijua."

Pesa zilikusanyika hivi. Yaya alitoa 600,000, mshahara wake na mkopo kwa wenzake wa stoo. Baba aliuza mbuzi watatu, 420,000. Kikundi cha akiba kilitukopesha 500,000, na cherehani ikawekwa dhamana, haikuuzwa. Walimu wa kujitolea walichanga 90,000, na tunajua motisha yao ni kiasi gani, kwa hiyo tunajua maana ya hizo 90,000. Jumla 1,610,000. Mashine 1,450,000, plastiki ya sikio 80,000, betri za kuanzia 40,000. Iliyobaki, 40,000, ilitusaidia nauli. Deni la kikundi tunalipa 60,000 kila mwezi kwa miezi kumi.

Na jambo la yaya? Baba ndiye aliyelimaliza. Siku ya kulipa alituambia tumpe yaya simu. Akamwambia: "Wewe hukuandika ile orodha yao. Mtoto wangu alilipa ukuta, wao wakajenga nusu." Yaya alilia pale pale barabarani, boda boda zinapita. Tangu siku ile wanaongea kila Jumapili.

SIKU ZA KWANZA

Msidhani mtoto akivishwa mashine anaruka kwa furaha kama kwenye sinema. Mdogo wetu siku ya kwanza alikasirika. Kimaka ina pikipiki, ina redio za jirani, ina watoto. Aliivua mara tano. Usiku ule alituuliza, "Nyinyi mnapiga kelele namna hii siku zote?" Alishangaa kwamba ndala za mama zina sauti, na kwamba maji yakimiminwa kwenye jerikeni sauti yake inapanda kadiri inavyojaa. Kwa miaka yote alikuwa anachungulia ndani kuona kama imejaa.

Mpimaji alisema ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea, avae saa chache kwanza, kisha aongeze. Tulifanya hivyo. Sasa anavaa kutwa nzima. Darasani bado anahitaji kukaa karibu, maana mashine inakuza kila kitu, sauti ya mwalimu na kelele za wenzake pia. Haikuponya sikio. Sikio ni lile lile. Katika mtihani wa mwisho wa muhula alikuwa wa thelathini na moja kati ya watoto mia na kumi na wawili. Hakukariri. Yuko darasa la nne.

MAMBO YA KUSHIKA KWA WAZAZI

1. Usaha si ugonjwa mdogo. Sikio likitoka usaha peleka mtoto kituo cha afya mapema. Usitie mafuta, maziwa wala majani. Lipanguse kwa kitambaa safi kilichosokotwa mpaka likauke, na usiingize kijiti. Shirika la Afya Duniani linasema matatizo ya kusikia ya watoto, mpaka 60 katika kila 100, yangeweza kuzuiwa.

2. Mtoto akiitwa haitiki, msimpige. Mwiteni akiwa amewapa mgongo, kwa sauti ya kawaida, mara kadhaa. Kama hageuki, apimwe. Walimu wenzetu, wengi tunaowaita wakaidi labda hawasikii.

3. Kabla hujatumaini kadi ya bima, omba orodha nzima, usome na ukurasa wa mwisho, ule wa vitu visivyolipwa. Uliza kwa maandishi. Na kama bima inalipa daktari, kusafisha na kipimo, tumia hayo yote kwanza, pesa yako iende kwenye mashine tu.

4. Ukinunua, uliza betri. Nyingi zina rangi: ya buluu ni namba 675, ya machungwa namba 13, ya kahawia 312, ya njano 10. Ya mdogo wetu ni 13, inakaa wiki moja mpaka mbili. Betri hizi zinaanza kufanya kazi ukibandua karatasi yake, na ukishabandua huwezi kuizuia. Usibandue kabla ya siku. Usiku fungua mlango wa betri.

5. Betri ikimezwa na mtoto mdogo ni hatari kubwa, inaweza kuchoma koo. Usingoje itoke yenyewe; kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

6. Plastiki ya sikio ya mtoto inabadilishwa kadiri anavyokua. Weka akiba kwa hiyo tangu mwanzo. Mashine ikipiga filimbi, mara nyingi kosa ni plastiki iliyolegea, usiitupe mashine.

7. Usiku ilale kwenye kopo kavu lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyowekwa kwenye viatu vipya kunyonya unyevu. Mvua ikija, ivuliwe.

Kuna pia mashine za betri zinazochajiwa kwa jua. Watu wa Botswana, katika kijiji cha Otse, walianza kuzitengeneza, na mafundi wenyewe walikuwa viziwi. Kwa kambi kama yetu, isiyo na umeme lakini yenye jua la bure, tungependa viongozi waulize habari hizo wanapokutana na mashirika.

TUNACHOOMBA

Kwanza, kwenye mkutano wa wazazi tuombe pamoja kwamba upimaji wa masikio ufanyike shuleni walau mara moja kwa mwaka, kama ule wa macho. Barua ya mzazi mmoja inajibiwa kwa sentensi mbili. Barua ya wazazi mia itawachukua muda zaidi.

Pili, kila Jumamosi saa nne asubuhi, darasa la tatu, tunajifunza alama za mikono. Mpaka sasa tuna alama kama mia na hamsini, tulizofundishwa na kijana mmoja kiziwi wa zoni ya pili, ambaye kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anamsalimu. Sasa anaitwa mwalimu. Watoto waliokuwa wanamwita mdogo wetu Filimbi wanakuja pia, maana wamegundua kwamba kwa alama unaweza kuongea wakati wa kipindi bila mwalimu kusikia. Tumewaacha kwanza.

Tatu, mwenye mashine ya zamani isiyotumika asiitupe, ailete. Hata ikifa, vipuri vyake vinaweza kufaa nyingine.

Sikio la kushoto bado linangoja. Deni likiisha tutaanza kuweka akiba yake, kidogo kidogo. Kama kuna familia nyingine yenye safari kama hii, tafadhali msione haya kuja kutuuliza. Karatasi zote tumezihifadhi, na orodha ile ya bima pia.

Tunawasalimu wote. Kaeni kwa amani.